Ngano ya Eunike

Nilimwona Eunike kwa mara ya kwanza Jumatatu moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani. Kibosho mwezi huo jua halitoki mpaka saa tano, na wanawake waliopanga foleni mbele ya mashine ya kusaga walikuwa wamejifunika vitenge hadi masikioni. Yeye alikuja na ndoo nyeupe kichwani, akaishusha mwenyewe, akafunua. Nilitegemea mahindi. Ilikuwa ngano.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Nisagie hii, lakini usikoboe. Yote, na ganda lake."

Mashine ile si yangu. Mimi ni mtu wa Rombo, kwetu ni Mkuu. Nilimaliza darasa la saba, mjomba akanifundisha kazi ya mashine, na tajiri mmoja akanileta Kibosho nikiwa na miaka ishirini na tisa. Sasa nina arobaini na nane. Miaka yote hiyo nilikuwa nimesaga mahindi, ulezi wa uji na wa pombe ya mbege, na mara chache mihogo mikavu. Ngano hakuna aliyewahi kuileta. Watu hununua unga mweupe dukani.

Mwanamke mmoja kwenye foleni alicheka. "Dona ya ngano, mama Kindness? Unafungua gereza?"

"Nafungua," Eunike alijibu, "na wewe nitakufungia wa kwanza."

Foleni nzima ikacheka, maana dona, unga usiokobolewa, husemwa ni chakula cha wafungwa. Yeye hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba mume wake ana sukari, mguu wa kulia wameshaukata chini ya goti, na huu wa kushoto anataka abaki nao. Daktari amesema aache mkate mweupe. Mzee bila mkate asubuhi haamki. Basi atamtengenezea wa ngano nzima, nyumbani, bila sukari.

Nilizima mashine, nikafagia mahindi yaliyobaki ndani, nikamsagia yeye kabla ya wote. Foleni ilinung'unika, nami nikainamisha kichwa kama kawaida yangu.

Alhamisi alirudi na kitu kimefungwa kwenye kanga. Ulikuwa mkate, mfupi, mweusi pembeni, mzito kama tofali.

"Onja."

Nilitafuna kwa muda mrefu.

"Sema ukweli, wewe Mrombo."

"Ni mgumu, mama."

"Mgumu! Nimemrushia mbwa kipande, akalia. Sasa niambie, ni unga wako au ni mashine yangu ya mkate?"

Nilijua mara moja kwamba kosa moja lilikuwa langu. Nilikuwa nimetumia chekeche la mahindi, lenye matundu makubwa, na makapi ya ngano yalipita bila kusagika. Lakini kuhusu mashine yake sikujua kitu, maana sikuwahi kuiona mashine inayopika mkate. Aliniambia nije Jumapili baada ya misa niione.

Nyumba yao iko juu kidogo ya barabara, katikati ya migomba na kahawa za zamani. Mume wake, mzee Leodegar, alikuwa amekaa barazani, magongo yameegemezwa ukutani, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini upande wa kulia. Alikuwa amefanya kazi ya kuongoza wageni mlimani miaka ishirini na sita. Mabega yalikuwa bado mapana.

"Karibu, fundi," alisema. "Nimeoa Machame miaka thelathini na tano na bado napumua. Mke wangu ameona anachelewa, sasa ameagiza mashine."

Eunike alimtupia kitambaa cha jikoni usoni.

Kwa mtu asiyetoka huku lazima nieleze utani huo. Eunike alizaliwa Machame, ng'ambo ya mto Weruweru. Huku mkoani watu husema kwamba mwanamke wa Machame humaliza mume ili arithi mali. Ni maneno ya bure. Husemwa harusini, husemwa kilabuni, na anayesemwa hucheka, kwa kuwa asipocheka watasema zaidi. Eunike alikuwa amecheka kwa miaka thelathini na tano. Aliteremka Moshi mjini akiwa msichana, akapika kwenye hosteli ya wageni miaka mingi, na Leodegar alimkuta hapo jikoni siku alipoleta kundi lake kula kabla ya kupanda. Kwa ajili yake aliacha Ulutheri akawa Mkatoliki, akaja kuishi upande huu wa mto. Mkate wa ngano nzima aliujua hukohuko hosteli, kwa sababu wageni walikuwa wakiudai. Ila kule walikuwa na tanuri kubwa la kuni.

Mashine yenyewe ilinunuliwa na binti yao wa pekee, Kindness, anayefanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani Holili. Ilikuwa imeshatumika. Ilifanana na ndoo yenye mfuniko na kidirisha, ndani ina sufuria ndogo, na chini ya sufuria kuna kibawa cha chuma kinachokanda. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani.

"Wewe si umeongoza Wajerumani miaka yote?" Eunike alimwambia mume wake. "Soma basi."

"Kijerumani changu ni cha mlimani," alisema Leodegar. "Najua 'kunywa maji', 'pumzika' na 'umetapika'. Humu hamna."

Tulikaa mbele ya mashine ile kama watu wanaosubiri kuku atage. Eunike alitia maji kwanza, chumvi, kijiko cha mafuta, kisha unga, kisha hamira juu kabisa kwenye kishimo kikavu ili isiguse maji mapema. Akabonyeza kitufe hadi namba nne, iliyokuwa na picha ya suke. Mashine ikanyamaza. Baada ya dakika kumi akanyoosha mkono aizime.

"Unaona? Kila siku inafanya hivi. Inakufa, naizima, naanza upya."

"Haijafa, mama," nilisema. Nilikuwa nimeweka kiganja ubavuni mwake. "Ina joto."

Tuliiacha. Ilikaa kimya zaidi ya nusu saa, ikipasha unga moto ili makapi yalainike kwa maji, ndipo ikaanza kukanda kwa kishindo. Kosa la pili lilikuwa hilo: alikuwa akiikata kabla haijaanza. Baada ya hapo nilimsagia kwa chekeche la ulezi wa uji, polepole, mara mbili, ili unga usipate moto. Yeye naye alijifunza kwamba unga wenye ganda lake unakunywa maji kuliko mweupe, akaongeza nusu kikombe. Mashine ikiwa inakanda alifungua mfuniko na kugusa donge kwa kidole. Likinata kidogo, sawa. Likiwa kavu, maji kijiko. Umeme ukikatika katikati, donge hilo alilikanda kwa mkono na kulipika kwenye sufuria yenye makaa juu na chini.

Mkate wa saba ndio uliotoka vizuri. Baada ya saa tatu na dakika arobaini, nyumba nzima ikanukia. Ulikuwa umepanda hadi karibu na kidirisha, ganda la kahawia, na chini una tundu la kile kibawa. Alikata vipande viwili vyembamba, sehemu ya mume wake, akapaka parachichi na chumvi.

Leodegar alitafuna, akafumba macho. "Una ladha ya banda la ng'ombe," alisema. "Lakini banda zuri."

Mwezi wa tisa Eunike alikuja kwenye mashine bila ndoo, anahema. "Tisa!" alisema. "Ilikuwa kumi na saba, leo kliniki wamepima sukari, tisa!" Akanishika mikono yote miwili mbele ya foleni.

Kuanzia hapo alikuja kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mahindi. Nilizoea kufagia mashine nikimsubiri.

Tatizo la kwanza lilikuwa wageni. Kwetu mtu haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, ni aibu. Na kinachopelekwa kinajulikana: mkate mweupe wa dukani, soda mbili, kilo ya sukari. Leodegar alipendwa, na kila wiki walikuja watu wanne au watano, kila mmoja na mfuko wake, akimpa mgonjwa mwenyewe mkononi. Eunike alishukuru, akapokea, akatia kabatini na kufunga kwa kufuli. Soda aliwapa watoto wa shule. Mikate ilikuwa mingi mno, ikaota ukungu, naye akaitupa kwenye hori la nguruwe.

Mke wa Anselmi, shemeji yake, aliiona humo. Anselmi ni mdogo wake Leodegar, nyumba zao zinatazamana. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamefika kwangu kwenye foleni.

"Mkate wa dukani anawapa nguruwe, mume anampa chakula cha nguruwe."

"Si anakuja kusaga hapa? Muulizeni huyu. Pumba zote zinabaki ndani?"

"Wa ng'ambo ya mto hao. Wana subira."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Niliendelea kumimina mahindi.

Sasa nifike mwezi wa kumi. Hatua kumi kutoka kwenye mashine palikuwa na kibanda cha binti mmoja, Goodness, aliyekuwa akikaanga maandazi na kuuza chai. Saa nne asubuhi, Eunike akiwa ameteremka bondeni kukata majani ya ng'ombe, nilisikia magongo barabarani. Alikuwa Leodegar. Alikuwa ametembea kutoka kwake kwenye mteremko wote ule wa mawe kwa mguu mmoja, jasho linamtiririka. Akakaa kwenye benchi.

"Goodness, mwanangu, lete matatu. Na chai iwe ya watu, vijiko vinne."

"Meku," alisema, kama wanavyoita wazee huku, "mama Kindness akijua je?"

"Atajuaje? Wewe utamwambia? Au huyu wa mashine? Huyu hata salamu anaitoa kwa kuvutwa."

Goodness alicheka, akaleta. Alikula taratibu, akilamba vidole. Alipomaliza akaja hadi mlangoni kwangu, akaegemea magongo.

"Efraimu. Nimepanda mlima ule zaidi ya mara mia tatu. Nimeshusha watu wazima mgongoni. Sasa nakula mkate kwa kupimiwa kama mtoto wa chekechea. Niachie hiki kitu kimoja. Wewe ni mwanaume. Umeona nini hapa?"

"Sijaona kitu, mzee."

Nilidhani ni siku moja. Alikuja kesho yake, na keshokutwa, na kila siku isipokuwa Jumapili, maandazi matatu na chai ya vijiko vinne.

Mwezi wa kumi na moja Eunike aliweka ndoo chini na hakuifungua.

"Sukari imepanda. Kumi na tano. Efraimu, umebadilisha kitu?"

"Hapana, mama."

"Basi ngano ya safari hii ina utamu. Inatoka shamba jingine la kule Siha, binamu yangu anayeniletea aliniambia. Au ni mafuta ninayotia?" Alichota punje akazitafuna, akatema mkononi, akaangalia. "Mimi ndiye ninayemlisha. Kama imepanda, ni kwa kitu nilichompa mimi."

Goodness alikuwa anaosha vikombe pale pale, anasikia. Aliniangalia. Nilimwangalia. Nikawasha mashine, na mashine ikiwashwa hakuna anayeweza kuzungumza.

Akaacha kutia mafuta. Akachanganya unga wa ulezi, mkate ukashindwa kupanda, akauacha ulezi akatia mbegu za maboga. Alipunguza kutoka vipande viwili hadi kimoja. Wiki moja aliniomba nisage laini zaidi, wiki iliyofuata akaomba nisage kwa kukwaruza, kwa kuwa nesi alimwambia makapi makubwa ni bora. Kila Jumatatu alikuja na wazo jipya, na kila Jumatatu nilisaga alichotaka. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza akaingia mteja. Mara ya pili hakuingia mtu yeyote, na bado sikusema.

Leodegar akaanza kukonda. Sukari ikizidi mtu hukonda, hata akila. Lakini majirani hawakujua hilo. Walichoona ni mwanaume mwenye mabega mapana akipungua kila wiki, kabati lenye kufuli, na kipande kimoja cha mkate wa kahawia kwenye sahani. Anselmi alikwenda pale na mtori wa ndizi kwenye bakuli, Eunike akamwambia mbele ya watu, "Shemeji, ndizi pia zimepimwa, leo amekwisha kula." Anselmi aliondoka na bakuli lake limejaa.

"Unamuua ndugu yangu kwa njaa," alimwambia akiwa uani.

"Namwokoa mguu," alijibu Eunike.

Mwezi wa pili kidonda kikatokea. Kilikuwa chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto, pale ambapo kiatu kilikuwa kikisugua kwenye mawe ya barabara. Miguu yenye sukari haisikii maumivu. Leodegar hakukisikia, na alipokiona alivaa soksi mbili akaficha, kwa sababu kama angeulizwa kimetoka wapi angelazimika kusema anatembea kwenda wapi. Aliendelea kuja wiki mbili zaidi. Nilimwona akichechemea. Kisha Goodness akafunga kibanda, akaenda Moshi kujifunza ushonaji, na Leodegar hakuja tena.

Eunike aligundua kidonda kwa harufu. Walipofika hospitali kidole kilikuwa cheusi na weusi umepanda hadi kwenye kifundo. Madaktari wakaamua kukata juu ya goti. Alikatwa Jumanne. Ijumaa akafa.

Masika yalikuwa yameanza. Tulimzika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kati ya migomba, shimo likiingia maji tukiyatoa kwa ndoo. Siku ya tatu baada ya mazishi ndugu na majirani walikusanyika tena kumalizia msiba na kugawa nguo za marehemu. Eunike alikuwa ameamka alfajiri, akapika mikate miwili kwa mashine yake, mmoja baada ya mwingine. Aliikata vipande, akaipanga kwenye sinia, na mwanamke mmoja akaizungusha pamoja na chai.

Sinia lilipita kwa wazee, likapita kwa wanawake waliokaa kwenye mikeka, likapita kwa vijana. Hakuna mkono ulionyooshwa. Lilipofika kwangu nilikuwa na njaa, na mkate ule niliujua kuliko mtu yeyote pale, nilijua hata chekeche lililopitisha unga wake. Wanaume wa pande zote mbili walikuwa wananiangalia.

"Ahsante, nimeshakunywa chai," nilisema.

Sinia likarudi jikoni limejaa kama lilivyotoka.

Ndipo Anselmi akasimama. Alikuwa na macho mekundu. Sidhani alikuwa mtu mbaya, alimpenda kaka yake. Alisema kuna maneno, na maneno yasiposemwa mbele ya kaburi yatasemwa njiani. Akaniita.

"Efraimu, wewe si wa ukoo wetu, wala si wa Machame. Huna upande. Huyu mama alikuwa analeta nini kwako?"

"Ngano, mzee."

"Ulikuwa unaikoboa?"

"Hapana."

"Pumba zote zilibaki?"

"Zilibaki."

Watu wakaguna. Mtu nyuma akasema, "Hata nguruwe wangu huchanganyiwa na dagaa."

"Swali la mwisho," alisema Anselmi. "Mashine iko barabarani, unaona kila anayepita. Je, uliwahi kumwona ndugu yangu akila kitu kingine mahali popote? Au aliishi kwa kile kipande tu?"

Eunike alikuwa amekaa mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Aliinua uso akaniangalia. Hakuwa ananisihi, maana hakuwa na jambo la kusihi, hakujua kitu. Alikuwa anataka kusikia jibu, kama alivyokuwa akisubiri namba kliniki. Hatua ishirini kutoka pale lilikuwa kaburi, udongo haujakauka, na mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa ameniuliza nimeona nini. Kusema kwamba alimdanganya mke wake kwa ajili ya maandazi, mbele ya ukoo wake wote, siku ya tatu! Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini pia nilikuwa naogopa tu kusema.

"Sikumwona," nilisema.

Hakuna aliyemfukuza Eunike. Wazee walisema kihamba kitaangaliwa na Anselmi, na mama akae kwa amani. Amani yenyewe ilikuwa hivi: kuanzia siku ile hakuna aliyekula kitu kilichotoka mkononi mwake. Akimpa mtoto parachichi, mama mtu anamnyang'anya na kulitupa. Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ilipofika, watu walikuja, wakasali rozari yote, wakasimama na kuondoka, vikombe vya chai vikabaki mezani vinatoa mvuke. Mwanamke mmoja alimwambia usoni, kwa upole kabisa, "Utatusamehe, mama Kindness, sisi tuna watoto." Ule utani wa zamani hakuna aliyeusema tena mbele yake. Walikuwa wameacha kutania.

Jumatatu hakuja. Wala iliyofuata. Mimi nilifagia mashine kila Jumatatu asubuhi, nikaanza na mahindi.

Siku arobaini zilipoisha, Kindness alikuja kutoka Holili na gari dogo la mizigo kumchukua mama yake. Nilisikia habari hiyo saa tatu. Nilifunga mashine, foleni ikanipigia kelele, nikapanda mlima.

Nilimkuta peke yake chumbani, anaizungushia mashine ya mkate blanketi. Kindness alikuwa nje anafunga godoro kwenye gari. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Efraimu. Sina ngano leo."

"Mama, mzee alikuwa anakula maandazi. Kwa Goodness."

Mikono yake ilisimama juu ya blanketi.

"Lini?"

"Ukiwa umekwenda kukata majani. Tangu mwezi wa kumi."

"Mangapi?"

"Matatu. Na chai."

"Vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Kila siku?"

"Jumapili hapana."

Alikaa kwenye chaga za kitanda, godoro likiwa limeshatolewa. Hakulia. Midomo yake ilikuwa inajongea kama mtu anayehesabu. Nilimwambia nitakwenda kwa mzee Anselmi sasa hivi, niseme yote, nimwite Goodness kutoka Moshi aje athibitishe.

"Ukaseme ulidanganya mbele ya kaburi?" alisema. "Watauliza nimekupa nini. Wewe ndiye uliyekuwa unanisagia."

Nilimwomba anisamehe. Nilisema mara mbili. Kindness alipiga honi. Eunike akainuka, akachukua ncha moja ya blanketi, mimi nikachukua nyingine, tukaibeba mashine hadi kwenye gari. Akaingia, akafunga mlango. Anselmi alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake ng'ambo ya njia, akatazama, hakuja kuaga.

Gari lilipowaka, Eunike alishusha kioo. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anatazama mikono yake mapajani.

"Alikuwa ananiomba kipande cha pili kila asubuhi, Efraimu," alisema. "Na mimi nilimnyima bure."